Tusome Safari ya Mengi, Si Nafasi Yake Kwenye Orodha

Kila jarida la Forbes linapotoa orodha yake ya matajiri wa Afrika, mjadala haukawii kufika soko la Kiboriloni, hapa Moshi. Katikati ya meza za mitumba na mikungu ya ndizi iliyoshushwa kutoka Old Moshi, watu hubishana: Mo Dewji kaongeza ngapi, nani kashuka, na kwa nini mkoa wetu wa Kilimanjaro, unaosifiwa nchi nzima kwa biashara, hauna mtu wake humo. Hapo lazima jina la Reginald Mengi, mwenye makampuni ya IPP, litajwe. Mwaka 2014 jarida hilo lilimkadiria kuwa na dola milioni 560. Alifariki Dubai Mei 2, 2019, akazikwa kwao Nkuu, Machame, Mei 9, na tangu siku hiyo mazungumzo mengi juu yake yamegota kwenye namba ile ile.

Namba hiyo inatunyima darasa. Kijana wa Kiboriloni akiambiwa kuwa Mengi alikuwa na dola milioni 560, hajapata la kufanya kesho asubuhi. Akielezwa Mengi alikuwa wapi mwaka 1971, alifanya nini miaka ya 1980, na nchi ilibadilisha sheria gani mwaka 1993, anaanza kuona kitu. Utajiri mkubwa wa hapa kwetu una maelezo yake: ujuzi uliotangulia mtaji, ukakutana na sera iliyolegeza kilichokuwa kimebanwa. Orodha haina nafasi ya kuandika hayo mawili.

Orodha hutengenezwaje

Kazi ya kuwapanga matajiri kwa namba si ya zamani sana. Malcolm Forbes, aliyerithi jarida lililoanzishwa na baba yake mwaka 1917, alitoa orodha ya Wamarekani 400 matajiri zaidi mwaka 1982. Mwaka 1987 ikafuata orodha ya mabilionea wa dunia, na aliyeongoza alikuwa Mjapani Yoshiaki Tsutsumi, mwenye reli, mahoteli na ardhi, kwa makadirio ya dola bilioni 20. Miaka michache baadaye bei ya ardhi Japani iliporomoka na utajiri wake ukayeyuka nayo. Mwaka 2005 alitiwa hatiani kwa makosa yaliyohusu taarifa za uongo za umiliki wa hisa. Mtu wa kwanza kabisa kukaa juu ya orodha hiyo alikaa hapo kwa nguvu ya bei ya siku, na bei ya siku haidumu.

Orodha ya matajiri 40 wa Afrika ilianza mwaka 2011, Aliko Dangote wa Nigeria akiongoza. Kwa Dangote hesabu ni rahisi kiasi. Kampuni yake ya saruji iko kwenye soko la hisa la Lagos tangu 2010, kwa hiyo mkadiriaji anachukua idadi ya hisa zake, anazidisha kwa bei ya siku, anaongeza mali nyingine, anatoa madeni, kisha anageuza naira kuwa dola.

Kwa Tanzania kazi ni ngumu zaidi. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998 likiwa na kampuni moja tu, TOL. Hadi leo makundi ambayo kila mtu anayataja akitaja utajiri wa nchi hii, yaani IPP ya Mengi, MeTL ya Dewji na kampuni za Bakhresa, hayajauza hisa zake huko. Hayana bei ya siku. Mkadiriaji hutafuta kampuni ya aina hiyo iliyoko sokoni mahali pengine, anaangalia bei yake ni mara ngapi ya faida au ya mauzo yake, anatumia kipimo hicho kwa kampuni ya hapa, kisha anapunguza kiasi fulani kwa kuwa hisa za kampuni ya binafsi haziuziki haraka. Ni njia ya kitaalamu, lakini imejaa makadirio kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Ili tuone makadirio hayo yanavyofanya kazi, tuithamini meza moja ya Kiboriloni kwa njia hiyo hiyo. Namba hizi ni za mfano. Mama amenunua belo la mashati kwa shilingi 600,000 na kulifungua alfajiri. Wa kwanza kufika ni wenye maduka ya mjini, wanaochagua gredi ya kwanza kwa shilingi 8,000 kila shati. Saa nne bei imeshuka hadi 4,000. Saa tisa rundo lililobaki linanadiwa kwa 1,000, na jioni ni 500. Tumwendee saa nne na kumuuliza ana mali ya kiasi gani. Tukizidisha mashati yaliyobaki kwa 8,000, tumemfanya tajiri. Tukizidisha kwa 500, tumemfilisi. Bado hatujagusa mkopo wa VICOBA, nusu ya bei ya belo anayodaiwa na mwenye stoo, wala daftari la wateja watakaolipa mwisho wa mwezi, ambao wengine hawatalipa. Nyumba anayoishi iko kwenye kihamba cha ukoo, ambacho hawezi kumuuzia mtu wa nje bila kuzua ugomvi wa miaka ishirini. Hiyo tuipe bei gani? Kila jibu tunalochagua linaongeza au kupunguza namba ya mwisho, na msomaji wa orodha haoni hata swali moja kati ya hayo.

Kuna pia suala la sarafu. Mwaka 2014 dola moja ilikuwa karibu shilingi 1,650, kwa hiyo dola milioni 560 zilikuwa kama shilingi bilioni 924. Mwaka aliofariki Mengi dola ilikuwa karibu shilingi 2,300. Chukua bilioni 924 zile zile, bila kuongeza wala kupunguza senti, zigawe kwa bei hiyo mpya: unapata dola milioni 402 hivi. Mtu mwenye viwanda vinavyouza kwa shilingi angeweza kushuka ngazi nyingi kwenye orodha ilhali mashine zake hazijasimama hata siku moja.

Mhasibu kwanza, mfanyabiashara baadaye

Mengi alizaliwa Machame katika familia maskini. Mwenyewe alisimulia mara nyingi juu ya nyumba ya udongo waliyolala pamoja na mifugo. Alisoma shule za kijijini, akapitia Siha, kisha Sekondari ya Old Moshi. Baadaye alikwenda Uingereza, akasomea uhasibu Scotland, akafanya mafunzo ya kazi katika kampuni ya ukaguzi ya Coopers, na kurudi nyumbani mwaka 1971.

Tuitazame tarehe hiyo. Azimio la Arusha lilikuwa na miaka minne. Mabenki, viwanda vikubwa na biashara ya nje vilikuwa mikononi mwa serikali. Kijana mwenye tamaa ya utajiri hakuwa na pa kuanzia. Mengi akaingia Coopers & Lybrand Tanzania na kukaa humo hadi 1989, akipanda hadi kuwa mwenyekiti na mshirika mkuu. Miaka 18 katika ofisi ya wakaguzi ni shule kubwa. Mkaguzi hupitishiwa mizania za kampuni za kila namna. Anajua kiwanda kinakula umeme kiasi gani, mali inalala stoo muda gani kabla ya kuuzwa, deni lipi litalipwa na lipi limekufa, na kampuni yenye mauzo makubwa inafikaje mahali pa kukosa fedha za mishahara.

Sehemu hii ya safari husimuliwa kwa haraka, kama utangulizi tu kabla ya utajiri kuanza. Mimi naiona ndiyo kiini. Mtaji wa kwanza wa Mengi ulikuwa uwezo wa kusoma hesabu, na aliupata katika miaka ambayo mwenye fedha alikuwa hana pa kuziweka.

Kisha ukaja uhaba. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mafuta kupanda bei, kahawa na mkonge kushuka: nchi ikakosa fedha za kigeni. Sabuni, sukari, dawa ya meno na hata kalamu vikawa vitu vya kutafutwa. Kwa simulizi yake mwenyewe, Mengi alianza kwa kuunganisha kalamu nyumbani kwake Dar es Salaam kwa vipuri vilivyoagizwa kutoka nje. Kalamu ni bidhaa ndogo, lakini uchaguzi huo ulikuwa wa mhasibu: vipuri vyepesi kusafirisha, kazi isiyohitaji mashine kubwa, mteja katika kila shule na kila ofisi, na fedha inayorudi upesi. Kutoka hapo akaingia kwenye sabuni na dawa ya meno, kisha vinywaji. Bonite Bottlers ya Moshi ikawa inajaza soda za Coca-Cola kwa mikoa ya kaskazini na baadaye maji ya Kilimanjaro, ambayo leo yako mezani katika mikutano nchi nzima.

Kiboriloni ilipitia mlango huo huo

Sasa tuoanishe na soko letu. Mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukafunguliwa tena 1983. Katika miaka hiyo barabara ya kutoka Moshi kupitia Kiboriloni na Himo hadi Holili ilibeba magendo mengi, na mwaka 1983 serikali ya Waziri Mkuu Edward Sokoine iliendesha msako mkali dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Mwaka uliofuata mambo yakageuka: mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana alizipataje. Mwaka 1985 Ali Hassan Mwinyi akaingia Ikulu, na mwaka 1986 nchi ikasaini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Nguo za mitumba, zilizokuwa zimezuiwa, zikamiminika.

Kwa hiyo Mengi na muuza mitumba wa Kiboriloni ni watoto wa mageuzi yale yale. Wote wawili walipata nafasi pale serikali ilipoacha kushikilia kila kitu. Tofauti yao ni walichokuwa nacho mkononi siku hiyo. Mmoja alikuwa na akiba ndogo, nguvu na ndugu wa Mombasa au Nairobi wa kumtumia mzigo. Mwingine alikuwa na taaluma, jina linaloaminika benki, na uwezo wa kutengeneza bidhaa badala ya kuiagiza ikiwa tayari. Anayenunua belo huuza jasho la kuchagua na kupanga, na belo likiisha anaanza upya. Mwenye kiwanda hubaki na mashine, na mashine inazaa kesho yake.

Jambo hilo likajirudia kwenye habari. Sheria ya Utangazaji ya 1993 iliruhusu redio na televisheni za binafsi. Tanzania Bara wakati huo haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni, ingawa Zanzibar ilikuwa nacho tangu miaka ya 1970. Mwaka 1994 ITV na Radio One vikaanza kurusha matangazo, na kundi hilo hilo likawa na magazeti ya Nipashe na The Guardian. Sheria mpya ilimkuta Mengi tayari, akiwa na viwanda vinavyohitaji matangazo na faida ya kulipia mitambo. Hiyo ndiyo hesabu ninayotaka vijana waipige: sheria ipi inabadilika mwaka huu, na mimi nitakuwa na nini mkononi siku itakapoanza kutumika?

Yasiyopata nafasi kwenye namba

Kumiliki televisheni na magazeti ni nguvu, na nguvu haina safu yake kwenye orodha. Mengi aliitumia kwa mengi mema. Alisukuma upandaji miti Kilimanjaro, aliongoza Baraza la Taifa la Mazingira, alitetea watu wenye ulemavu, na mwaka 2013 alivutana hadharani na Wizara ya Nishati akidai Watanzania wapewe nafasi kwenye vitalu vya gesi. Lakini nguvu hiyo ilikuwa na upande wa pili. Novemba 2012 Mahakama Kuu ya London ilitupilia mbali kesi ya kashfa aliyomfungulia mwanablogu Mwingereza, kesi iliyotokana na mgogoro wa mashamba ya Silverdale, wilayani Hai, uliomhusu mdogo wake, na namna magazeti ya IPP yalivyouandika. Anayetaka kuisoma safari hii kwa haki asome kurasa zote mbili. Tajiri mwenye vyombo vya habari anahitaji kuulizwa maswali zaidi ya tajiri mwenye kiwanda cha sabuni, na orodha haimuulizi hata moja.

Orodha pia haiwezi kuona utajiri usio na mwenye jina moja. Kabla Kilimanjaro haijatoa milionea, ilitoa ushirika. Wakulima wa kahawa waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikaandikishwa chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, KNCU. Fedha ya kahawa ililipa karo, ikajenga shule na zahanati, na mwaka 1963 Moshi ikapata Chuo cha Ushirika, ambacho sasa ni chuo kikuu. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na viliporudishwa havikupata tena nguvu ile. Forbes wangekuja Moshi mwaka 1955 wangeandika kwamba hapa hakuna tajiri, ilhali maelfu ya familia za migombani zilikuwa zinapeleka watoto shule kwa kahawa ya nusu eka. Kizazi cha wahasibu, mawakili na madaktari waliotoka mlimani kilikulia kwenye utajiri huo wa pamoja.

Naikazia hoja hii kwa sababu imesahaulika. Hapa Moshi tunapimana kila Desemba. Magari yanapopanda kutoka Dar es Salaam, kila kijiji kinajua nani amekuja na gari gani na ghorofa ya nani imefika kwenye bati. Ni orodha yetu wenyewe, na ina ugonjwa ule ule wa Forbes: inaona kilichosimama, haioni kilichokisimamisha. Haioni mkopo ulioko nyuma ya gari, wala shule iliyomtoa mwenye ghorofa.

Mali baada ya mwenye mali

Mtihani mgumu wa utajiri wa binafsi huja mwenyewe anapoondoka. Mei 2021, miaka miwili baada ya mazishi ya Machame, Mahakama Kuu ilibatilisha wosia wa Mengi kufuatia shauri lililowagawa warithi. Siingii kwenye nyumba ya watu. Hukumu zipo na wanasheria wamezisoma. Ninachotaka tuone ni la kihasibu. Kampuni iliyoko soko la hisa ina bodi inayowajibika kwa wenye hisa wengi, hesabu zinazotangazwa, na bei inayojulikana hata mwenyewe akilala usiku mmoja asiamke. Kundi la kampuni binafsi lililoshikwa na mtu mmoja lina jina lake, imani yake na mahusiano yake, na vitu hivyo havigawanyiki mahakamani.

Huku chini jambo ni hilo hilo kwa kiasi kidogo. Mara ngapi duka la Mangi limefungwa ndani ya mwaka mmoja baada ya mazishi, kwa kuwa madeni yaliandikwa kichwani, leseni ni ya marehemu, na fedha za duka na za nyumbani zilikaa kwenye mfuko mmoja?

Basi nashauri mambo matatu, na nayasema nikiamini kila moja. La kwanza ni la mfanyabiashara wa Kiboriloni: tenganisha fedha za meza na za jikoni, andika kila deni, na andikisha biashara kwa msajili, BRELA, kwa jina lake yenyewe badala ya jina lako binafsi. Mengi alianza na hesabu kabla ya mtaji, na njia hiyo iko wazi kwa kila mwenye daftari na kalamu. La pili ni la waandishi wenzangu. Tukinukuu namba ya Forbes, tueleze imepatikanaje, kampuni ipi iko sokoni na ipi imekisiwa. Kuandika makadirio kama uhakika ni kumpotosha msomaji.

La tatu ni la serikali. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020, kampuni zinatakiwa kumtaja mmiliki wake halisi kwa msajili. Taarifa hizo zifunguliwe kwa wananchi, na makampuni makubwa ya kifamilia yapewe sababu ya kuuza sehemu ya hisa zao hapa Dar es Salaam. Siku muuza mitumba wa Kiboriloni atakapoweza kununua hisa kumi za kampuni inayojaza maji chini ya mlima wake, atapokea gawio la faida hiyo badala ya kubishania nafasi ya mmiliki wake kwenye orodha. Hapo mlima utakuwa umerudi kwenye kazi yake ya 1933, kuwafanya wengi wawe na mali, na safari hii kukiwa na hesabu ambazo kila mwenye hisa anaweza kuzifungua na kuzisoma.